Ushahidi wa Hasimu: Haki ya Vyanzo Tunapowahakiki Wamormoni



Kuna hoja niliyoisikia kongamanoni, ikapigiwa makofi, nami siwezi kuinyamazia: kwamba mhakiki wa dini haiwii chochote dini anayoihakiki. Kanisa lina fedha na wasemaji wake. Basi mhakiki achukue lolote linaloliumbua, kazi ya kukanusha iwe yao. Habari za Joseph Smith, mwanzilishi wa Umormoni, za Kitabu cha Mormoni cha 1830 na za safari ya Utah mnazijua, sitazirudia. Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kuivunja.

Nianze na kitabu ninachokithamini kuliko vyote katika uwanja huu, ingawa kimejaa chuki. Mwaka 1834, mjini Painesville, Ohio, Eber D. Howe alichapa Mormonism Unvailed. Hati za viapo zilizomo zilikusanywa na Doctor Philastus Hurlbut (Doctor ni jina alilopewa, hakuwa tabibu), aliyekuwa ametengwa na kanisa hilohilo. Alizunguka Palmyra na Manchester, New York, akiwahoji majirani wa zamani wa akina Smith. Tamko la Palmyra, la tarehe 4 Desemba 1833, lina saini 51. Zisome hati hizo kwa mfululizo: maneno yaleyale yanatoka kinywani mwa mtu baada ya mtu, hata mkono wa mkusanyaji ukaonekana. Lakini majirani hao wanasema pia kwamba Smith alichimba hazina; na Smith mwenyewe, katika historia aliyoianza 1838, anakiri kuajiriwa na Josiah Stowell kutafuta mgodi wa fedha. Basi hasimu hatupwi, wala haaminiwi kwa sababu tu ni hasimu. Anahojiwa.

Willard Chase, mmoja wa majirani hao, alisimulia kwamba ndani ya sanduku la mabamba ya dhahabu, yale ambayo Smith alisema ndiyo asili ya Kitabu cha Mormoni, palikuwa na kitu mfano wa chura, kikageuka mtu. Mwaka 1984 ikatangazwa barua iliyodaiwa kuandikwa na Martin Harris, mfuasi wa mwanzo wa Smith, mwaka 1830, yenye salamanda mweupe anayegeuka roho. Kwa kanuni ile ya kongamanoni, ilistahili kupokewa kwa mikono miwili. Jerald Tanner, aliyetumia maisha yake kuupinga Umormoni, aliilinganisha na kitabu cha Howe, akaona inafanana nacho mno, akachapisha shaka zake mwaka huohuo. Barua ilikuwa ya kughushi. Oktoba 1985 mabomu ya mghushi wake, Mark Hofmann, yaliua watu wawili huko Utah, na 1987 akakiri makosa yake mahakamani. Ninamheshimu sana Tanner kwa hilo: aliukagua ushahidi uliompendeza kwa ukali uleule.

Kwetu Waafrika jambo hili lina uchungu wake, maana hadi Juni 1978 kanisa hilo lilimnyima mwanamume mweusi ukuhani. Mwanafunzi mmoja aliniletea tasnifu yenye maneno makali ya Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Smith, rejea yake kijitabu cha wapinzani. Nilimpeleka kwenye Journal of Discourses, juzuu 26 zilizochapwa Uingereza kuanzia 1854. Hata hapo sikumwachia. LaJean Purcell Carruth, msomaji wa hati mkato za karani George D. Watt, ameonyesha kwamba Watt alibadili mengi alipoandaa hotuba kwa uchapaji. Ubaguzi wa Young umo hata katika hati mkato ya hotuba yake ya 1852 mbele ya bunge la Utah, wala hauhitaji kuongezewa chumvi. Tena mwandishi mwadilifu ataandika pia kwamba mwaka 2013 kanisa lenyewe liliyakana maelezo ya kale yaliyotetea katazo hilo.

Nitaambiwa hati asili ni anasa ya vyuo tajiri. Sikubali. Nyaraka za Joseph Smith, zilizochapwa kati ya 2008 na 2023, ziko wazi mtandaoni bila malipo, picha za kurasa zikiwemo. Najua karani naye hukosea, na picha haisemi kila kitu. Bado nashikilia kwamba asiyeutazama ukurasa wenyewe asiunukuu. Wanafunzi wa idara hii, tasnifu itakayonifikia na nukuu ya mkono wa pili, ilhali hati asili inapatikana, nitairudisha.