Nguvu Inayorudi Njiani

Leo tutajifunza kwa nini redio ya chombo huweza kuita isisikiwe.

Chukua kamba nene ya nanga, uifunge kwenye mshipi mwembamba. Itikise mara moja. Wimbi litakwenda, lakini likifika kwenye fundo, sehemu yake itarudi mkononi mwako. Kamba na mshipi havilingani.

Redio nayo ni hivyo. Redio za VHF za baharini hutengenezwa kwa waya na eriali ya omu 50. Waya wa televisheni kwa kawaida ni wa omu 75. Nyaya hizo mbili zikiungwa, katika kila wati 100 zinazofika kwenye kiungo, wati 4 hurudi nyuma. Hasara hiyo ni ndogo. Lakini eriali ikikatika, karibu nguvu yote hurudi, na transista ya kukuzia nguvu yaweza kuungua. Hapo utaita katika chaneli ya 16, ile ya kuombea msaada, wala hapana atakayekusikia.

Basi, kabla ya kutweka tanga, fanya mambo matatu. Soma namba iliyoandikwa kwenye waya. Tazama kila kiungo, maana maji ya chumvi hula shaba. Wala usibonyeze kitufe cha kusemea kabla eriali haijafungwa.

Maswali:
1. Kwa nini wimbi hurudi likifika kwenye fundo?
2. Wati 25 zikifika kwenye kiungo cha omu 50 na 75, ngapi hurudi?