Mganga, Tabibu, Daktari: Asili ya Jina la Anayetibu

Mada hii inachunguza maana na asili ya neno daktari, kwa kulitazama pamoja na jirani zake mganga na tabibu, jinsi yanavyotumika katika zahanati za Kapalamsenga na kata nyingine za Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Juu ya mlango huandikwa "Mganga Mfawidhi", yaani mtumishi anayeongoza kituo, na kada yake serikalini mara nyingi ni ya tabibu, lakini mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa huuliza, "Daktari yupo?"

Tabibu ni neno la Kiarabu, na maana yake haijabadilika sana. Mganga ni la Kibantu, kutokana na kitenzi kuganga, ambacho maana yake ni kutibu na pia kuunga kilichovunjika, na ndugu zake wamo katika Kikongo na Kishona. Serikali imelihifadhi katika vyeo vyake vikubwa, kuanzia Mganga Mkuu wa Serikali hadi Mganga Mkuu wa Wilaya, ilhali mtaani neno hilo humaanisha kwanza mganga wa kienyeji, ambaye shughuli zake husimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

Daktari limefika kupitia Kiingereza, lakini mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini docere, yaani kufundisha, kwa kuwa vyuo vikuu vya Ulaya vya Zama za Kati vilimpa jina hilo aliyestahili kufundisha teolojia, sheria au tiba. Ndiyo maana hata leo mwanahistoria mwenye shahada ya uzamivu huitwa daktari, ingawa hatibu mtu.

Ukanda huu wa Ziwa Tanganyika ulipata mtu aliyezibeba maana zote mbili. Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo sasa ni Mali, alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea tiba Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889, ambako alitibu wagonjwa na kufundisha dini akiwa katekista, hadi alipofariki mwaka 1956.

Asili ya neno si sheria ya matumizi yake, wala mtumishi wa zahanati hapaswi kupimwa kwa Kilatini. Hata hivyo, mgonjwa anayetoka chumbani na cheti asichoweza kukisoma, akapewa vidonge dirishani na kuambiwa tu "kutwa mara tatu", ametibiwa bila kufundishwa, naye ndiye atakayeacha dozi katikati homa ikishuka. Watumishi wa afya wanaombwa wautaje ugonjwa kwa Kiswahili, waeleze dawa inafanya nini na kwa nini imalizwe, kabla ya kumwita mgonjwa anayefuata.