KUANGUKA KWA MGOMBEA ALIYETANGULIA, NA FUNZO LAKE KWETU

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu, mwenye duka, mbele ya ndugu wa Visiwani wafanyao biashara Wanging'ombe na Makambako. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Nimeamriwa na Kamati yetu nizungumze juu ya namna vyama vinavyoteua wagombea wao. Mimi si msomi wa siasa. Nilisoma chuoni kwa mwalimu, nikahitimu, kisha nikashika mizani ya duka, na tangu siku hiyo sijaiweka chini. Basi nitasema kwa lugha ya mizani, na mkiona nimepunja, nisahihisheni.

Nataka tuitazame khabari ya mwaka 2015, pale Chama Cha Mapinduzi kilipotafuta mtu wa kumrithi Rais Kikwete. Wanachama 42 walichukua fomu, na kila fomu kwa shilingi milioni moja. Katika hao wote, aliyetangulia mbele kwa mbali alikuwa marehemu Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Desemba 2005 hata alipojiuzulu Februari 2008 kwa mambo ya mkataba wa umeme wa Richmond. Tarehe 30 Mei 2015 alitangaza nia yake katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na uwanja ulijaa watu hata pa kukanyaga hapana. Kanuni ya chama chake ilimtaka kila mwomba nafasi alete wadhamini 450 kutoka mikoa 15, na mitatu kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Yeye alikuja na mamia ya maelfu.

Wakati huo nilikuwa na duka hapa hapa Wanging'ombe. Mwezi wa Julai mnaujua baridi yake, blanketi ndizo zinazotoka kuliko sukari. Wateja wangu watatu, watu wazima wa chama hicho, walinijia wakaniapia kwamba jambo limekwisha, bado kutangazwa tu. Wakaniagizia kofia sitini za kijani zenye jina la mgombea wao, wazivae siku ya furaha. Arubuni hawakutoa. Mimi nami, kwa tamaa ya faida, nikaenda Makambako nikalipa fedha taslimu. Nilijiambia biashara haina chama.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, kumi la mwisho. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai nilikuwa macho nikingoja daku, na redio iko wazi. Khabari zikaja kutoka Dodoma kwamba Kamati Kuu imekwisha kuchuja, na majina matano ndiyo yatakayopelekwa mbele: John Magufuli, Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Jina lililoandikwa juu ya kofia zangu halikuwamo.

Asubuhi alipita jirani yangu, mzee wa Kibena, mkulima wa mahindi. Akaniamkia, "Kamwene," nikamwitikia, "Kamwene." Akalitazama lile furushi la kofia, akasema, "Mwanangu, wewe ulipima gunia kabla halijapita mlangoni." Neno hilo sijalisahau, na ndilo litakalokuwa msingi wa hotuba yangu.

Ndugu zangu, tuulize: mtu mwenye nguvu kiasi hicho aliangukaje kwa usiku mmoja?

Kwanza, alishinda mahali ambapo kura hazihesabiwi. Kanuni ilitaka wadhamini 450. Aliyeleta 450 na aliyeleta laki kadhaa walikuwa sawa mbele ya kanuni, kwani kilichozidi hakikuwa na jiwe la kukipimia. Njia ya kuteuliwa ilikuwa na milango mitatu: Kamati Kuu, kisha Halmashauri Kuu, kisha Mkutano Mkuu. Wapenzi wake walikuwa wengi katika mlango wa pili na wa tatu. Lakini mlango wa kwanza ulikuwa mwembamba, wenye watu wachache, na aliyezuiliwa hapo hakupata nafasi ya kupigiwa kura na wale waliompenda. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka usiku ule ule wakasema hadharani kuwa hawakubaliani na uamuzi huo. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba ukumbini kuwa wana imani naye, naye Mwenyekiti wao yupo. Haikufaa kitu. Kuimba si kura.

Pili, alikuwa na deni ambalo halijafutwa daftarini. Khabari ya Richmond ilimwondoa katika uwaziri mkuu mwaka 2008, na Februari 2014 chama chake kilimpa yeye na wenzake watano adhabu ya miezi kumi na miwili kwa kuanza kampeni kabla ya wakati. Wapenzi wake walisema ameonewa. Wapinzani wake walisema ni haki. Mimi siamui kati yao. Lakini mwenye duka anajua kwamba deni lenye ubishi, lisipomalizwa mchana mbele ya mashahidi, hufufuliwa usiku, na hufufuliwa na yule anayekutakia shari.

Tatu, kutangulia kwake kuliwakutanisha wote waliokuwa nyuma yake. Na hasira ya wapenzi wake nayo ilifanya kazi. Halmashauri Kuu ilipopunguza majina matano yakabaki matatu, Membe na Makamba waliachwa, na wengi walisema kuwa kura za hasira ndizo zilizowaangusha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Magufuli, Waziri wa Ujenzi, aliyechukua fomu kimya kimya bila ya ngoma wala tarumbeta, akapita katikati yao. Katika Mkutano Mkuu alipata kura 2,104, Bibi Amina Salum Ali wa Visiwani akapata 253, na Bibi Migiro 59.

Msidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu sisi wa Visiwani. Mwaka 2000 Dk. Mohamed Gharib Bilal, aliyekuwa Waziri Kiongozi, aliongoza kwa kura katika kamati ya chama chake huko huko Zanzibar. Majina yalipofika Dodoma akateuliwa Amani Abeid Karume. Mizani ilikuwa nyumbani, lakini jiwe liliwekwa Dodoma.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayotuuma sisi wenyewe, na nawaomba mnivumilie.

Sheria ya nchi yetu haimruhusu mtu kugombea urais bila ya kudhaminiwa na chama. Marehemu Mchungaji Mtikila aliipinga sheria hiyo miaka mingi. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa haki mwaka 2013, na sheria ikabaki pale pale. Kwa hiyo mtu mkubwa akikatwa jina na chama chake, hana njia ila kubisha hodi kwa jirani. Tarehe 28 Julai 2015 Bwana Lowassa alijiunga na CHADEMA, na vyama vinne vya UKAWA vikamsimamisha. Hapo kofia zangu zikazidi kuwa msiba: jina lilikuwa la mgombea wa upinzani, rangi ilikuwa ya chama alichokihama. Wa huku hawazitaki, wa kule hawazitaki. Wale wateja watatu hawakupita tena mbele ya duka. Mwishowe niliziuza kwa bei ya kutupa kwa vijana wa shamba, wakazivaa ndani nje, jina lisionekane.

Tuseme haki. Mgeni yule alileta kitu. Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, dhidi ya kura 8,882,935 za Magufuli. Upinzani wa Bara haukuwa umewahi kufika hapo. Lakini tuitazame na bei yake. Profesa Lipumba aliacha uenyekiti wa CUF Agosti 2015, na Dk. Slaa akajitenga na siasa za chama chake. Mwaka 2016 Lipumba akarudi kukidai kiti, na kukawa na chama kimoja chenye mabwana wawili. Tarehe 1 Machi 2019 Bwana Lowassa alirejea CCM alikotoka. Tarehe 18 mwezi huo huo Mahakama Kuu ikampa ushindi Lipumba, na siku ile ile Maalim Seif na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo. Fikirini, ndugu zangu: mgeni alikwisha kurudi kwao, na sisi wenye nyumba ndio tuliotoka na mikeka yetu kichwani.

Na hatukujifunza upesi. Mwaka 2020 Bwana Membe, yule yule wa yale majina matano, baada ya kufukuzwa katika chama chake alisimamishwa na ACT-Wazalendo kugombea urais wa Muungano. Kabla ya siku ya kura viongozi wakatangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Mwaka 2022 Membe naye akarudi CCM. Leo wote wawili, Membe na Lowassa, wametangulia mbele ya haki, na mimi sisimami hapa kuwasema marehemu. Walitumia njia iliyokuwa wazi. Ninaowasema ni sisi tuliobaki.

Basi nashauri mambo matatu.

La kwanza, kanuni za uteuzi zibandikwe ukutani kabla majina hayajaletwa, na yeyote atakayekatwa aelezwe sababu yake kwa maandishi. Mwanachama aliyeshindwa kwa kuhesabiwa hunung'unika wiki moja. Aliyekatwa gizani hunung'unika maisha yake yote, na watoto wake baada yake.

La pili, mlango wa kwanza usiwe mwembamba kuliko wa mwisho. Kamati ndogo ikague sifa tu. Kuchagua ni kazi ya wanachama.

La tatu, mgeni akibisha hodi tumfungulie, kwani ndiyo desturi yetu. Lakini tusimpe ufunguo wa sanduku usiku ule ule aliofika. Akae barazani, ajulikane, na daftari lake la zamani lisomwe mbele ya wote.

Na wale wenzetu wanaotembea wakisema fulani hapingiki, jambo limekwisha, nawakumbusha yule mzee wa Kibena. Mimi nililipa fedha taslimu ndipo nikalielewa neno lake. Nyinyi nawapa bure.

Nimemaliza, Bwana Mwenyekiti.