Hesabuni Siku Zenu: Maneno kwa Vibarua wa Kalemie

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi ndugu vibarua,

Hatukuja hapa kumtukana mtu wala kuwachochea mwache kazi. Tumekuja na neno moja tu: hesabuni siku zenu.

Kazi ya mji huu ni kupakia na kupakua. Reli ilifika ziwani mwaka 1915, mji ulipokuwa ukiitwa Albertville, na tangu hapo mizigo ya Kigoma na Mpulungu imepita juu ya mabega ya watu. Zamani za Wabelgiji, sheria ya 1922 iliweza kumtia kifungoni mfanya kazi aliyevunja mkataba wake. Sheria ilikuwa fimbo, na fimbo ilikuwa mkononi mwa tajiri.

Leo sheria ni nyingine, lakini wengi wetu bado twaiogopa kama ile ya zamani. Twaambiwa, "Kibarua hana haki," nasi twaitikia. Neno hilo si kweli.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 40, yasema hivi: kibarua wa siku kwa siku akiisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa ana mkataba usio na mwisho.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba tangu siku ile ya 23 kapita hawezi tena kukufukuza kwa neno la mdomo tu. Tajiri akitaka kukuondoa, lazima awe na sababu ya haki. Tena lazima akupe taarifa mbele: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima uliomtumikia.

Lakini tusidanganyane. Wako matajiri waijuao hesabu hii kuliko sisi. Kibarua akifika siku ya 20 au ya 21 huambiwa apumzike, na jirani yake huchukuliwa mahali pake. Baadaye hubadilishwa tena. Hivyo wote wawili hubaki vibarua mpaka uzee. Hila hii mtu mmoja hawezi kuizuia. Yataka watu waseme kwa sauti moja, na Katiba ya 2006 yaturuhusu kuwa na vyama vya wafanya kazi.

Basi tufanyeje? Kila mmoja wetu awe na daftari. Aandike tarehe, jina la chombo au ghala, jina la kapita, na fedha aliyopewa. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe. Wenziwe wawili wajue, wawe mashahidi. Hata kama hapana karatasi ya mkataba, sheria yamruhusu mfanya kazi kuuthibitisha kwa njia nyingine.

Ukionewa, nenda kwa Inspekta wa Kazi. Yeye hujaribu kwanza kuwapatanisha. Asipoweza, ndipo shauri huenda mahakamani. Wala usiende peke yako.

Ndugu zetu, daftari ni kitu kidogo, lakini bila daftari hesabu ni ya kapita peke yake. Kesho asubuhi, kabla hujashika gunia la kwanza, andika tarehe.

Umoja ni nguvu.