Saa Mbili za Kunyonyesha
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini aruhusiwe kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na jijini Dar es Salaam, anayefanya kazi Posta huku mtoto akiwa Mbagala huzimaliza saa hizo kwenye foleni. Haki hiyo inahitaji chumba kazini, kama Kenya ilivyoagiza katika Sheria ya Afya ya 2017. Waajiri hulalamikia gharama. Mlango, kiti na friji? Kumpoteza mfanyakazi mzoefu kunagharimu zaidi. Mwenye duka dogo asiye na nafasi, basi aruhusu mtoto aletwe mchana.