Kadi ya Futari: Karatasi Ndogo, Amana Kubwa
(Mawaidha kwa vijana wa Kinoru, Meru)



Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhan vijana mnaandaa futari ya pamoja, mashindano ya Qur'an, na baadaye baraza ya Idd. Kila shughuli ina makaratasi yake: kadi za mwaliko, ratiba ya kufuturu, vyeti vya watoto, bahasha za sadaka. Nani anayaandaa? Kijana mmoja anayejua kompyuta, usiku wa mwisho, huku wengine wanamharakisha. Leo nataka tuongee na huyo kijana, na wale wanaomtuma.

Usione kadi ni jambo dogo. Mtume (S.A.W) alipotaka kumwandikia mfalme wa Rumi, aliambiwa kwamba hao hawasomi barua isiyo na muhuri. Hakusema "haidhuru." Alitengenezewa pete ya fedha, ikachorwa maneno matatu kwa mistari mitatu: Muhammad, Rasul, Allah. Basi tunajifunza kwamba kuupamba ujumbe ili upokelewe si israfu. Ni adabu kwa yule unayemwandikia.

Sasa tuangalie mambo manne.

La kwanza ni jina la Allah. Wengi wetu kadi haijawa kadi mpaka iwe na Bismillah kwa Kiarabu, aya, na picha ya Al-Kaaba. Kuandika Bismillah si kosa. Barua ya Nabii Sulayman kwa Malkia wa Saba ilianza hivyo, na ya Mtume kwa Heraclius pia. Lakini zile barua zilipelekwa na mjumbe, kwa mtu mmoja anayejulikana. Zetu ni mia tatu, na baada ya futari zinabaki kwenye majani, chini ya sahani, kesho yake moja unaikuta imefungia njugu sokoni Gakoromone. Kwa hivyo jiulize kabla ya kuchapa: hii karatasi itaishia wapi? Kama ni ya kutupwa, andika "Kwa jina la Mwenyezi Mungu" kwa ufupi, au anza kwa mdomo siku ya shughuli, na mapambo yawe ya nakshi na maua. Aya weka kwenye cheti, kwa sababu cheti kinatundikwa ukutani. Na zile zilizobaki zikusanywe zichomwe mahali safi au zizikwe. Sayyidna Uthman (R.A) alipokusanya misahafu aliamuru nakala nyingine zichomwe, ili kulinda.

Na ukiandika Kiarabu, mpe ustadh asome kabla ya kuchapa. Kuna programu za kompyuta ambazo hazijui kuunganisha herufi za Kiarabu. Zinatoka zimeachana, tena zimepinduka kutoka kushoto. Nukta moja tu ikizidi chini ya herufi, Ar-Rahiim, Mwenye kurehemu, inakuwa ar-rajiim, aliyelaaniwa, sifa ya shetani. Hebu fikiria hiyo iko juu ya kadi yako, nakala mia tatu!

La pili ni saa na tarehe. Hapa ndipo saumu za watu zinaingia hatarini. Kijana anachukua ratiba ya Mombasa, anabadilisha jina la mji, anachapa. Mombasa iko mashariki kuliko sisi. Miaka hii Ramadhan inapoangukia Februari na Machi, jua huzama kwao dakika kadhaa kabla ya kwetu. Ukifuata ratiba yao ukiwa Kinoru, utafuturu jua la Meru bado lipo. Chukua saa za Meru, halafu mpelekee imamu azithibitishe.

Na tarehe ya Idd usiichape kama vile umeuona mwezi tayari. Andika "Idd Mosi, kulingana na mwandamo wa mwezi." Baraza iwe "Jumamosi ya kwanza baada ya Idd," na hapo hutapiga chapa mara mbili. Bahasha ya Zakatul-Fitri nayo iandikwe wazi: itolewe kabla ya swala ya Idd.

La tatu ni msomaji. Hapa Meru tunaishi na majirani wengi wasio Waislamu, na tunawaalika. Jirani akipata kadi yenye "iftar baada ya Maghrib" ataelewa nini? Mwandikie futari ni chakula cha kufungulia saumu, afike saa ngapi, aingilie wapi, na kama ni karibu na uwanja wa Kinoru, sema upande gani. Maandishi yawe makubwa, mzee aweze kuyasoma bila kuomba miwani. Aina mbili za herufi zinatosha.

La nne ni pesa. Hizo ni pesa za michango, kuna mama ametoa shilingi hamsini ya mboga. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi nne za saizi ya A6. Wageni mia moja ni karatasi ishirini na tano tu. Ukijaza kijani kibichi kadi nzima, unalipia wino. Acha karatasi nyeupe, kijani kiwe kwenye ukingo na kichwa. Rangi ya kwenye skrini si lazima itoke vile vile, kwa hivyo chapisha moja kwanza. Watu wawili ambao hawakuiandaa waisome kwa sauti: jina, siku, saa, mahali. Wakiridhika, ndipo uchape zote.

Nanyi wakubwa, msimtume kijana usiku wa mwisho kisha mkamlaumu. Mpeni maneno kamili tangu Shaaban, na wiki mbili za kufanya kazi.

Kijana wangu, watu watafunga na kufungua kwa karatasi uliyochapa wewe. Hiyo ni amana. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atujaalie kuwa watu wa kutimiza amana. Aamin.

Wabillahi tawfiq.