Ukiwa Kwenye Siku Zako, Usiache Mchezo

Vijana wa Tabora, zamani habari za mbali zililetwa hapa na wapagazi wa misafara kutoka Bagamoyo. Siku hizi ziko kwenye simu, nami humo nafuatilia tenisi ya wanawake. Shabiki kweli!

Mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana, wawili kwa wawili, pale Wimbledon. Sheria ya pale ni kuvaa nyeupe tupu. Sasa dada, je, ukiwa kwenye siku zako? Wachezaji walisema wazi, na tangu 2023 wanawake wanaruhusiwa kaptula ya ndani yenye rangi nzito.

Mwaka huohuo 2022, Zheng Qinwen wa China alishindwa jijini Paris huku tumbo la hedhi likimkata. Hakuficha. Mwaka 2024, kwenye viwanja vilevile, akachukua dhahabu ya Olimpiki.

Kwa hiyo dada, usiache michezo. Mazoezi huweza kupunguza maumivu. Yakizidi, nenda kituo cha afya.

Na wewe kaka, ukiona doa kwenye sketi ya mwenzako, usicheke. Mpe sweta ajifunge kiunoni, mchezo uendelee.